Jani la Sale na Dole Gumba

Sehemu ya Tisa

"Miaka mitatu, Leodegar! Miaka mitatu unakunywa chai yangu, unalala usingizi wako, na jambo hili umelikalia!"

"Chai ni yako. Sukari ni yangu."

"Usinichekeshe. Leo sicheki."

"Sikuchekeshi, Sajini. Nakukumbusha nani hununua sukari humu ndani."

Sauti zilikuwa zimekwisha vuka ukuta. Nassibu, fundi cherehani aliyewapangisha chumba cha uani, aliacha kukanyaga mashine yake ili asikie vizuri.

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, mambo yalikuwa hivi. Watu watatu walikuwa katika chumba kile cha Mtaa wa Sikukuu wakitazama jani kavu juu ya meza. Aliyelileta ni Clotilda, dada wa mfungwa Wilbert. Leodegar alilitazama mara moja tu akasema, "Wilbert alipobeba jani kama hili hakuwa mkosaji. Alikuwa mjumbe." Bakili akaruka kitini, na huo ugomvi ukaanza.

Bakili Nampunju alikuwa mtu wa Tunduru, sajini wa askari kanzu kwa miaka mingi, sasa mstaafu mwenye goti moja bovu na subira iliyokwisha. Leodegar Kimaro, Mchaga wa Kilema, alikuwa koplo wake. Tangu warudishe pingu za serikali walifanya kazi kwa wenye shida, hasa watu wa shamba ambao polisi hawakuwa na nafasi nao. Mbuzi aliyepotea Mzenga. Mpaka wa shamba uliosogea usiku Maneromango. Mnazi uliogemwa na asiye mwenyewe. Kazi ilikuwa ndogo, mwendo ulikuwa mrefu.

Kesi ya Wilbert haikuwa ndogo. Kijana huyo alifungwa miaka saba kwa kuchoma ghala la mbata, nazi kavu, la Theophil, mwenye duka la jumla Kariakoo. Ghala lilikuwa Kisiju, pwani ya kusini, na Wilbert alikuwa mfanyakazi wa humo. Askari aliyemkamata na kuandika maelezo yake alikuwa Bakili huyu huyu. Clotilda alimchagua kwa makusudi. "Wewe ndiye uliyemfunga," alimwambia siku ya kwanza, "wewe ndiye utakayeonyesha kama ulifunga sawasawa." Bakili akaipokea kazi kwa ubishi tu. Alitaka kumthibitishia binti wa watu kwamba hakukosea.

Sasa jani kavu lilikuwa mezani, na ubishi wake ulikuwa umeanza kuingia ufa.

"Haya, nieleze," alisema, akakaa. "Nieleze polepole kama unamweleza mjinga."

"Hilo si gumu," alisema Leodegar. "Kwetu, mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, akaogopa kwenda mwenyewe, humtuma mtu na jani la sale. Mjumbe hufika, hulitoa, hasemi neno. Hamtaji aliyemtuma. Anangoja. Aliyekosewa akilishika jani, amesamehe, hana tena nafasi ya kukataa. Hapo ndipo jina hutajwa."

"Na asipolishika?"

"Mjumbe huondoka nalo, na jina hubaki tumboni mwake."

"Wilbert alikuja kwa Theophil na jani asubuhi baada ya moto."

"Alikuja nalo."

"Akaliweka, hakusema neno."

"Hakusema."

"Na mimi nikaandika kwamba amekuja kukiri na kuomba msamaha." Bakili alipangusa uso kwa kiganja. "Na wewe ulikuwepo! Ulisimama pale mlangoni kama nguzo! Ulijua, ukanyamaza!"

"Sikunyamaza."

"Ulinyamaza!"

"Nilikwambia jioni ile ile, kijana akiwa amekaa mbele yetu. Nilikwambia, Sajini, mbeba jani si lazima awe ndiye mkosaji. Ukaniambia mambo ya migombani yabaki migombani."

"Sikusema maneno hayo."

"Ulisema."

"Wallahi sikuse—"

"Usiape," alisema Leodegar, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilishuka. "Usiape, mzee. Fungua sanduku."

Chini ya benchi palikuwa na sanduku la bati. Ndani yake, ndani ya gunia, yalikuwamo madaftari ya kazi ya Bakili, thelathini na moja, ambayo alipaswa kuyarudisha siku aliyostaafu na hakuyarudisha. Bakili alikuwa mtu wa kuandika. Aliandika mvua iliyonyesha, aliandika mbwa aliyembwekea na jina la mwenye mbwa. Wenzake walimcheka. Yeye alisema kichwa husahau, karatasi haisahau.

Aliinama, goti likalia. Akalitafuta daftari la mwaka 1954, mwezi wa Ramadhani. Akalifungua, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Miwani ilikuwa nyumbani.

Clotilda alinyoosha mkono. Tangu ugomvi uanze hakuwa amesema kitu, alikaa tu na mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja zamu hospitali. Alisoma kwa masista Kilema, na alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani.

"Saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Maelezo yamekwisha. Mtuhumiwa ametia dole gumba. Koplo wangu adai mbeba jani si lazima awe mkosaji. Nimemwambia mambo ya migombani yabaki migombani."

Akanyanyua macho.

Mtaani mchukuzi alikuwa akipiga kelele apishwe na mkokoteni wake, na hakuna aliyempisha, kwa jinsi alivyoendelea kupiga kelele.

"Mbona dole gumba?" aliuliza Clotilda. "Wilbert anajua kuandika. Alifika darasa la sita."

Bakili aligeuza macho kwenye jani.

"Bwana Sajini, nakuuliza. Mbona dole gumba?"

"Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu," alisema Bakili. "Nilikuwa nimekwisha simama."

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Mtu aliyehoji watu miaka ishirini na sita hujua swali lisilo na mlango wa nyuma. Bakili alilijua hilo lilipomfikia.

"Nilikuwa nimefunga," alisema. "Ramadhani ya kumi. Nilikula daku saa tisa usiku, nikapanda lori kwenda Kisiju kutazama majivu, nikarudi na lori lile lile, nikamkuta ndugu yako amefungiwa kwa Theophil. Koo langu lilikuwa kama kamba. Sheria inasema maelezo yakishaandikwa, mtu asomewe, mstari kwa mstari, aulizwe kama ndivyo alivyosema. Ingechukua nusu saa. Adhana ilikuwa baada ya dakika tano."

"Kwa hiyo hukumsomea."

"Sikumsomea."

"Na kwa hakimu?"

"Kwa hakimu niliulizwa, alisomewa? Nikasema, ndiyo, alisomewa."

Leodegar alitazama dirishani. Hilo la hakimu hakuwa akilijua.

"Kulikuwa na nini nyumbani?" aliuliza Clotilda.

"Nini?"

"Futari. Ulikuwa unawahi nini?"

Angeweza kukaa kimya. Lakini alikwisha choka kuficha, hata kitu kidogo kiasi hicho.

"Uji. Uji na tende."

Clotilda alilifunga daftari, akaliweka juu ya meza kando ya jani.

"Ndugu yangu anatema damu gerezani," alisema. "Barua ilikuja juzi. Wameandika ana kifua. Miaka minne iliyobaki haimalizi. Uji na tende."

Hakulia. Alisimama, akajifunga kanga yake upya kiunoni.

"Nitalia baadaye. Mnataka kujua jani hili nilipewa na nani, au mnataka kuendelea kugombania sukari?"

"Nani?" walisema wote wawili.

"Mama Severa."

Leodegar alikaa chini kwa kishindo.

Severa alikuwa mke wa Theophil. Alikuwa pia mama mdogo wa Clotilda na Wilbert, ndiye aliyewalea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyekuwa Kisiju siku ghala lilipowaka. Na ndiye aliyepanda mche wa sale nyuma ya nyumba kule Kisiju, mche aliotoka nao kwao, akaumwagilia kila jioni mpaka majirani wakamcheka kwamba anamwagilia kitu kisicholiwa.

"Alikuja kwangu jana alfajiri," alisema Clotilda. "Alilitoa kwenye pindo la kanga, akaniwekea mkononi, akaondoka. Hakusema neno."

"Na wewe ulilishika," alisema Leodegar.

"Nililishika kabla sijajua ninachokishika." Hapo tu ndipo sauti ilimkatika kidogo. "Theophil anamrudisha Kilema leo. Tangu mlipokwenda dukani kwake kuuliza maswali hana raha. Basi la Moshi liliondoka saa tatu."

"Sasa ni saa nne na nusu," alisema Bakili. "Limekwenda."

"Halijakwenda!" Nassibu alichungulia mlangoni na sindano mdomoni, bila aibu yoyote. "Hakuna basi lililokwenda popote. Msimbazi umejaa, maji yamepita juu ya barabara. Wote wamekwama Jangwani."

*

Walitembea. Hapakuwa na njia nyingine, barabara ilikuwa imefungana kwa malori. Leodegar alitangulia, Clotilda akafuata, Bakili nyuma akiburuta goti lake katika tope la masika. Mara mbili Leodegar alisimama kumngoja akijidai anafunga kamba za viatu.

"Viatu vyako havina kamba," alisema Bakili mara ya pili.

"Nyamaza utembee."

Jangwani palikuwa kama mnada. Malori na mabasi yalijipanga ukingoni mwa maji, hamali walikuwa wakivusha watu mgongoni, na wauza kahawa walikwisha fika kabla ya polisi. Basi la Moshi lilikuwa la tatu katika mstari. Abiria wengi walibaki ndani kuchunga viti vyao.

Severa alikaa dirishani, shuka imemfunika mpaka shingoni. Chini ya dirisha alisimama Theophil na mwavuli, suruali ameikunja, viatu vyake vya ngozi amevishika mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Clotilda.

Theophil hakuitikia. Aliwatazama wazee wawili nyuma yake.

"Sajini mstaafu na koplo mstaafu. Mbuzi wamekwisha Mzenga?"

"Tunataka kuongea na mkeo," alisema Bakili.

"Mke wangu ana homa. Anakwenda kupumzika kwa mama."

"Homa ya tangu lini?"

"Tangu mlipokuja dukani kwangu."

Utingo wa basi alicheka. Leodegar alimpita Bakili, akasimama mbele ya Theophil, akaongea kwa sauti ya kuita watu.

"Theophil, nakuuliza neno moja, na nakuuliza kwa Kiswahili ili hata dereva asikie. Jani la sale alilokuja nalo Wilbert, uliliacha mezani au ulilishika?"

Ndani ya basi mazungumzo yalikatika. Nusu ya abiria walikuwa watu wa migombani, Wachaga kama yeye.

"Hayo ni mambo ya kizamani," alisema Theophil.

"Uliliacha au ulilishika?"

"Ndugu yangu Leodegar, wewe ni mtu mzima, umesoma—"

"Alilishika."

Ilikuwa sauti ya Severa. Alikuwa ameitoa shuka shingoni.

"Alilishika kwa mkono wa kulia. Wilbert aliniambia siku niliyokwenda kumwona gerezani. Alilishika, na kabla kijana hajafungua mdomo kusema limetoka kwa nani, alimfungia mlango akaita polisi."

"Severa!"

"Limetoka kwangu." Hakumtazama mumewe. Alimtazama Clotilda. "Niliingia ghalani na koroboi. Huyu alinikataza mara mia, nami niliingia nayo. Mtoto alilia nyumbani, nikaiweka juu ya gunia nikamkimbilia. Mbata ina mafuta, mwanangu. Niliporudi mlango ulikuwa mwekundu. Nilimwogopa huyu kuliko moto. Nikamtuma ndugu yako, kwa sababu yeye hakuwahi kunikatalia kitu."

"Na mahakamani?" Clotilda aliuliza kwa taabu. "Mbona hakusema?"

"Angesema nini? Angesema mama aliyenilea ndiye afungwe? Alinitazama kutoka kizimbani, akatikisa kichwa. Nami nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Bibi mmoja aliyekaa nyuma yake, Josepha, aliyekuwa amepakata birika jipya kama mtoto, alitoa kichwa nje ya dirisha.

"Wewe baba," alimwita Theophil. "Ulilishika sale, halafu ukampeleka mtoto kifungoni?"

"Bibi, hayakuhusu."

"Nitashuka Kilema mimi. Jumapili nitakuwa kanisani Kilema. Tutaona kama hayanihusu."

Minong'ono ilipita kiti kwa kiti. Kwa mara ya kwanza Theophil alionekana mtu aliyesimama pekupeku kwenye tope. Aliutua mwavuli. Kisha akafanya jambo ambalo Bakili hakulitazamia. Alimsogelea, akaongea naye taratibu, karibu kwa upole.

"Haya, Sajini. Umepata ulichokitaka. Mshushe, mpeleke kituoni, aseme habari za koroboi. Watamuuliza, basi yule kijana mbona alikiri? Watafungua jalada. Watakuta karatasi yenye dole gumba, na chini yake sahihi ya Sajini Bakili Nampunju, aliyeapa kwamba mtu alisomewa akakubali. Watamwambia mke wangu, mama, nenda nyumbani, una homa." Alitingisha viatu vyake, tope likadondoka. "Mimi sikumfunga Wilbert. Mimi niliita polisi tu. Karatasi ni yako."

Maisha yake yote ya kazi Bakili alizoea kudanganywa. Uongo alijua kuushika, una mkia. Huyu alikuwa amemwambia kweli tupu, na hapakuwa pa kushika.

Alitafuta kitu cha kukalia. Hapakuwa na kitu.

"Maji yamepungua!" alipiga kelele utingo. "Pandeni! Pandeni, anayebaki abaki!"

Dereva akawasha injini. Basi likatetemeka. Severa alikuwa amekwisha simama, amejipenyeza mpaka mlangoni, mguu mmoja juu ya ngazi.

"Kaa chini," alisema Theophil. "Watoto wako wako kwa mama yangu. Kaa chini uwafuate."

"Mama mdogo, shuka," alisema Clotilda.

Severa hakushuka wala hakurudi kitini. Alimtazama Bakili juu ya vichwa vya watu, na swali alilomwuliza hakuwahi kuulizwa na mtuhumiwa yeyote.

"Nikishuka, Sajini, hawataniamini, na Wilbert hatatoka. Watoto watakosa mama bure. Kweli si kweli?"

"Kweli," alisema Bakili.

"Basi niifanye nini karatasi yako?"

Maji yalikuwa yakipiga magurudumu ya basi la mbele. Bakili alimtazama Leodegar, aliyekuwa akimtazama yeye. Miaka kumi na miwili yule koplo alimfuata nyuma na kumbebea mkoba, na siku moja tu aliyotaka kumwokoa, aliambiwa afunge mdomo wake.

"Karatasi yangu niachie mimi," alisema Bakili.

Akageuka, akaanza kupanda barabara kurudi mjini.

"Sajini!" Leodegar aliita. "Unakwenda wapi?"

"Kusomewa!"

Nyuma yake injini ilinguruma, watu wakapiga kelele, mlango wa basi ukabamizwa. Aliusikia. Hakugeuka kutazama nani yuko ndani na nani yuko nje. Angegeuka, angeanza kungoja, na kwa goti lile na umri ule, akingoja asingekwenda.

*

Inspekta msaidizi wa zamu kituoni alikuwa Vitalis Haule, kijana wa Songea ambaye Bakili alimfundisha kazi tangu hajui kushika rungu. Alisimama alipomwona mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chukua kalamu."

"Mbuzi wa nani tena?"

"Safari hii mbuzi ni mimi. Andika."

Vitalis akaandika, akitabasamu. Tabasamu lilifika mstari wa tatu tu. Mstari wa tano aliweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango.

"Mzee, unajua unalolisema?"

"Nimewasemesha watu wengi sana. Najua."

"Daftari peke yake ni kosa, kuondoka nalo. Na hili la kusema mahakamani kwamba kijana alisomewa, wakati..." Vitalis alishindwa kulimaliza. "Bwana Mkubwa atakushtaki kwa kiapo cha uongo. Pensheni itakwenda. Una miaka mingapi wewe?"

"Hamsini na nane. Andika."

"Kwa mtu usiyemjua!"

"Namjua. Siku ile aliniomba maji. Na mimi nimefunga, nikaona ananidhihaki. Nikamwambia asubiri." Bakili alinyoosha mguu wake mbovu chini ya meza. "Sikumbuki kama alipewa. Daftarini sikuandika. Nimeandika mpaka mbwa, Vitalis, lakini hilo sikuliandika."

Vitalis alikaa. Aliinua kalamu. Kwa muda wa nusu saa hakukuwa na sauti nyingine ofisini ila ya kalamu na ya Bakili, ikisema saa, ikisema mahali, ikisema maneno ya koplo wake kama yalivyosemwa na jibu lake kama lilivyokuwa. Hakujitetea. Alipofika kwenye futari alisema futari, alipofika kwenye uji alisema uji.

Vitalis alikausha wino.

"Karatasi hii itarudisha kesi ya kijana mezani. Hilo nakuahidi, nitaipeleka mwenyewe leo. Lakini ukishaitia alama, siwezi kukuruhusu urudi nyumbani. Utalala humu."

"Najua. Nimewaambia watu maneno hayo hayo."

"Bi Sitara nimwambie nini?"

Bakili alimfikiria mkewe, na samaki aliowaacha wakiparwa asubuhi. "Mwambie asinisubiri kwa chakula cha mchana. Cha jioni utaona mwenyewe namna ya kumwambia."

Vitalis alimsogezea karatasi.

"Bado," alisema Bakili. "Nisomee."

"Mzee, umeyasema mwenyewe sasa hivi."

"Nisomee. Mstari kwa mstari, na kila mstari uniulize kama ndivyo nilivyosema."

Vitalis akaanza kusoma. Alisoma jina na umri. Alisoma Kisiju, lori, majivu. Alikuwa amefika kwenye jani la sale wakati adhana ya adhuhuri ilipoanza kutoka msikiti wa mtaa wa pili, ikipita juu ya mabati na kelele za sokoni.

Kijana alinyamaza kwa heshima.

"Adhana hiyo, mzee. Nenda ukaswali. Hutatoroka, nakuamini. Tutamalizia ukirudi."

Bakili alisikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha. Alikuwa amechoka kuliko siku ile ya Ramadhani, na siku hii hapakuwa na uji wowote unaomngoja.

"Nitaswali humu humu, ukishamaliza," alisema. "Soma. Mpaka mwisho."

Vitalis akasoma mpaka mwisho. Kila mstari aliuliza, na kila mstari Bakili alijibu, ndivyo. Nje, kwenye baraza ya kituo, watu walikuwa wamefika. Alisikia miguu ikikung'utwa tope, zaidi ya mtu mmoja, na mmoja alikuwa akivuta pumzi kama mwanamke aliyetoka mbio. Mlango ukagongwa.

"Ngojeni!" alisema Vitalis, akamnyooshea Bakili kalamu.

Bakili aliitazama kalamu, hakuipokea. Aliuvuta kwake mkebe wa wino wa alama za vidole uliokuwa mezani, akaufungua, akakandamiza dole gumba ndani mpaka ukucha ukajaa. Mlango ukagongwa mara ya pili, kwa nguvu.

Akalibonyeza dole lake juu ya karatasi, akalishikilia hapo.